Wattie Meikle na Goli la Upande wa Kanisa

Marehemu Walter Meikle, ambaye Craigmurdie nzima ilimwita Wattie nasi wa nyumbani tukamwita Babu, alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Februari 1943, katika nyumba namba nne ya Safu ya Wachimbaji, nyumba ambayo leo haipo. Alikuwa mtoto pekee wa Mzee Hugh Meikle, mchimbaji wa makaa ya mawe, na Bi. Grizel Tennant. Inasemekana theluji ilikuwa imefika madirishani, na mkunga alikuja amevaa buti za mumewe. Mwaka 1948 Mzee Hugh aliangukiwa na mwamba mgodini akafariki papo hapo. Babu alikuwa na miaka mitano. Alichokumbuka kwa baba yake ni harufu ya sabuni na kikohozi ngazini, basi.

Nimepewa mimi, mjukuu wake Ailsa, niyasome haya, kwa sababu mama amesema atalia kabla hajamaliza kuzaliwa kwa Babu, na mjomba Gregor ataanza mzaha. Babu mwenyewe aliacha agizo moja tu. "Msinipambe kama keki," alisema. "Na lile goli mliweke." Kwa hiyo tumeliweka.

Utoto wake wote ulikuwa Jumamosi, na Jumamosi ilianzia nje ya uwanja wa Whinhill, makao ya zamani ya klabu ya Craigmurdie Violet, mbele ya kile chuma kinachozunguka mlangoni. Mama yake alikuwa akifagia shule, kiingilio hakikuwepo. Lakini palikuwa na desturi: mtoto akiinuliwa na mtu mzima juu ya chuma kile, haulizwi kitu. Basi watoto walijipanga pale wakivuta kila koti lililopita. "Mzee, nipandishe! Mzee, nipandishe!" Wengine walipita kama viziwi. Siku moja mwaka 1949 alikuja mchimbaji mmoja mrefu, Bwana Rintoul, mwanawe Eck kambana kwapani kama gazeti. Akamtazama Babu.

"Wewe si wa Hugh Meikle?"

"Ndiyo, bwana."

"Basi njoo, kwapa hili liko wazi."

Mlinzi wa mlango akapiga kelele, "Rintoul! Leo una wawili?"

"Mapacha hao. Huyu mwenye sura mbaya ndiye wangu."

Tangu siku hiyo, kila Violet walipocheza nyumbani, Babu aliingia Whinhill chini ya kwapa la Bwana Rintoul, na Eck chini ya lile jingine. Walikuwa na umri mmoja. Babu alisema aliujua upande wa kushoto wa koti lile kuliko alivyoijua sala ya Baba Yetu.

Whinhill ilikuwa na magoli mawili, kama viwanja vyote, lakini watu waliyapa majina: goli la kanisani, upande uliotazama kanisa, na goli la mgodini, upande wa mgodi. Mashabiki walisimama nyuma ya goli ambalo Violet walikuwa wanalishambulia, na mapumziko yakifika uwanja mzima ulihama kwenda upande wa pili, watu na pai zao za nyama mikononi, mchuzi unawamwagikia vidoleni. Isipokuwa siku moja. Tarehe 16 Aprili 1955, nusu fainali ya kombe, wapinzani wetu Kilbrannock walileta mabasi mengi hata watu wakakaa juu ya paa la choo. Bwana Rintoul na wawili wake, Babu na Eck, walikuwa nyuma ya goli la mgodini, na mapumziko yalipofika hakuna aliyeweza kuhama. Watu walibanana kiasi kwamba ukitaka kujikuna unamkuna jirani.

Mpaka dakika za mwisho ilikuwa sufuri kwa sufuri. Hapo Bwana Rintoul akamnyanyua Babu akamweka mabegani. Kutoka juu kule Babu aliiona krosi inakuja, akamwona Tam Orr, winga mfupi aliyeota kipara mapema, anapanda kama ameitwa jina, akaona nyavu zinatikisika. Kofia ya Bwana Rintoul iliruka juu na haikurudi tena. Babu alitusimulia goli hilo mpaka tukalijua matone ya mvua yaliyokuwa kwenye mpira. Alisema lilikuwa karibu, karibu sana, angeweza kunyoosha mkono akashika wavu.

Alisoma shule ya msingi ya Craigmurdie, kisha sekondari hadi mwaka 1958. Hakuwa mwanafunzi wa kujivunia, na ripoti zake hakuzificha. Jiografia aliijua kwa njia ya mpira. Mwalimu alipomuuliza mji wa Arbroath uko wapi, alisimama akajibu, "Ukishuka kwenye basi la mashabiki, mwalimu, ufuate upepo unaokupiga usoni." Alichapwa kiganja kimoja kwa jibu hilo, na cha pili kwa sababu darasa lilicheka. Lakini kumbukumbu yake ilikuwa ya ajabu. Mechi yoyote aliyowahi kuiona angekwambia nani alicheza, nani alifunga, upepo ulivuma wapi. Watu walikuja mlangoni kwake kumaliza ubishi wa baa. "Wattie akishasema, imekwisha," ndivyo walivyosema. Naye alizoea kusema, na hakuzoea kuuliza. Hilo alitaka liandikwe.

Alianza kazi ya fundi umeme mgodini mwaka 1958, akiwa na miaka kumi na mitano, akakaa huko mpaka mgodi ulipofungwa mwaka 1985. Baadaye alikuwa mtunzaji wa shule ile ile aliyokuwa akifagia mama yake, mpaka alipostaafu mwaka 2008. Kuna watu hapa leo, wenye mvi na suti, ambao Babu aliwatoa juu ya paa la shule walipofuata mpira. Inasemekana hakumshtaki hata mmoja. Aliuliza tu, "Ulipiga kwa mguu gani?" na akijibiwa wa kushoto, alisikitika sana.

Tarehe 15 Juni 1968 alimuoa Bi. Ishbel Carruth, mshona mapazia, katika kanisa hili la hapa chini. Tarehe ilichaguliwa na Babu kwa makini sana: Juni, ligi imelala. Bibi alikuja kuligundua hilo miaka miwili baadaye, akamnunia wiki nzima. Msimamizi wa bwana harusi alikuwa Eck Rintoul. Walikuwa bado wawili chini ya koti moja: wamefanya kazi mgodi mmoja, wamesafiri pamoja kwenda Hampden, uwanja mkubwa wa Glasgow, mahali ambapo Eck alipoteza kiatu katikati ya watu laki moja na akarudi nyumbani na soksi. Mungu aliwajalia Babu na Bibi watoto wawili, Gregor mwaka 1970 na Morven, mama yangu, mwaka 1974. Bibi alitutangulia mwaka 2011.

Sasa lile goli.

Bwana Rintoul alifariki mwaka 1979, mapafu yamejaa vumbi la mgodi. Aliagiza achomwe, na majivu yake yakawekwe Whinhill, mbele ya goli, pale pale alipofunga Tam Orr. Hakuwa wa kwanza. Familia nyingi zilipeleka wapendwa wao kulala pale, na kamati ya Violet ilikubali mradi isiwe siku ya mechi. Eck na dada yake walimpeleka asubuhi ya siku ya kazi. Babu alikuwa zamu, chini ya ardhi, hakwenda. Mwaka 1981 Eck alihamia Corby, huko Uingereza, kutafuta kazi.

Mwaka 1988 jukwaa la Whinhill lilionekana ni la hatari, klabu haikuwa na uwezo wa kulijenga upya, uwanja ukauzwa ili ijengwe supamaketi. Babu alikuwa mjumbe wa kamati, na ndiye aliyekuwa akiutunza uwanja ule. Eck alimwandikia: majani ya pale alipolala mzee yakatwe na udongo wake, yapelekwe uwanja mpya. "Wewe unapajua mahali," aliandika. Babu akasema ndiyo, anapajua.

Bibi alikuwa akipanga sahani siku ile Babu anatoka na jembe. Mama, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alikuwa mezani, na maneno yao anayakumbuka.

"Wattie, mpigie Eck kwanza umuulize."

"Nimuulize nini?"

"Mahali penyewe."

"Ishbel, nililiona lile goli kwa macho yangu. Nilikuwa mabegani kwa baba yake! Yeye alikuwa wapi? Alikuwa kaning'inia kwenye chuma cha uzio."

"Simu hiyo hapo ukutani, haikuumi."

"Kumuuliza mtu kitu unachokijua ni kumdharau."

Akatoka. Aliyakata majani ya mbele ya goli la mgodini kwa mikono yake, akayabeba kwenye mkokoteni amefunika kwa blanketi la nyumbani, akayapanda mbele ya goli la uwanja mpya. Akayamwagilia majira yote ya joto.

Jumamosi, tarehe 6 Agosti 1988, uwanja mpya ulifunguliwa, na Eck akaja kutoka Corby na maua. Babu alimpeleka mpaka kwenye majani, anajivuna kama jogoo.

"Haya, mzee wako huyu hapa. Hajakosa hata jani."

"Ahsante, ndugu yangu. Ulimtoa kwa taratibu?"

"Kama yai. Goli zima la mgodini nimelihamishia hapa."

Eck alisimama na maua yake. "La mgodini?"

"Alipofunga Orr."

"Orr alifunga kanisani, Wattie."

"Acha utani wako."

"Kipindi cha pili tulishambulia kanisani. Sisi tulikuwa tumekwama mgodini, hatukuweza kuhama. Umesahau? Mimi sikuliona goli kabisa, niliona migongo ya makoti. Ndiyo maana najua. Watu wote walikuwa wanatazama mbali."

Babu akageuka kutafuta mtu wa kumuunga mkono. Palikuwa na wazee wawili wa kamati waliokuwepo mwaka ule wa 1955. Mmoja aliangalia chini. Wa pili alivua kofia akasema, "Kanisani, Wattie. Sisi tulidhani una sababu zako."

Hakuna aliyemsahihisha akiwa na jembe mkononi, kwa kuwa Wattie akishasema, imekwisha. Na goli lile lilikuwa karibu machoni pake kwa sababu moja tu, kwamba aliinuliwa juu. Mtu aliyemwinua ndiye aliyemwacha chini ya lami ya maegesho ya supamaketi.

Lami ilikuwa imeshamwagwa tangu Julai. Jumatatu yake Babu alikwenda pale ilipokuwa Whinhill, akapima kwa macho kutoka kwenye mnara wa kanisa, akasimama. Lami ilikuwa haijakauka vizuri, na kiatu chake kiliacha alama. Eck aliyaacha maua kwenye kiti cha basi akarudi Corby. Babu alimwandikia, hakujibiwa. Siku moja Bibi alimpigia Eck simu mwenyewe, akampa Babu chombo mkononi, na Babu aliposikia "Haloo" ya Eck, akakata. Alisema hakuwa na neno la kuanzia. Simu ambayo angepaswa kuipiga ilikuwa ile ya kwanza, na ile haipigiki tena.

Eck alistaafu akarudi Craigmurdie mwaka 2003, akapanga nyumba karibu na stesheni. Wengi wenu mliyaona yaliyofuata. Kila Violet wakicheza nyumbani, Babu alianza mechi nyuma ya goli moja na Eck nyuma ya goli la pili, makusudi kabisa. Mapumziko yakifika, wote wawili walihama kama desturi ilivyo, kwa hiyo walipishana katikati ya uzio, wazee wawili na pai zao, kila mmoja akitazama viatu vyake. Miaka na miaka. Kulikuwa na mtu mmoja jukwaani akiwapigia kelele, "Salimianeni basi, mechi ilishakwisha!" Watu walicheka. Nakiri hata sisi wajukuu tulicheka, tulidhani ni mchezo wa wazee.

Tulidhani hivyo hivyo kuhusu matoroli. Pale lilipokuwa goli la kanisani, supamaketi imeweka kibanda cha kurudishia matoroli ya kununulia vitu, lakini wateja wavivu huyaacha ovyo nje yake. Kila Jumamosi ambayo Violet hawakuwa nyumbani, saa tisa alasiri, saa mechi zinapoanza, Babu alikwenda kuyaondoa. Hakuwahi kununua pale hata njiti ya kiberiti. Alivua kofia, akayasukuma matoroli moja moja mpaka nafasi ya magari mawili hivi ikawa tupu, akasimama kidogo, akaondoka. Vijana wa dukani walimpenda. Mmoja alimletea koti la kung'aa kama lao.

"Vaa hili mzee, magari yasije yakakugonga."

"Sijaajiriwa, kijana."

"Najua. Unafanya kazi kuliko sisi walioajiriwa."

Nilikuwa na miaka tisa nilipomuuliza. Sikuelewa kwa nini mtu asafishe maegesho ya watu.

"Babu, hawa ni rafiki zako?"

"Akina nani?"

"Wenye duka."

"Hapana."

"Sasa mbona unawapangia matoroli?"

"Siwapangii. Namwondolea mtu mzigo. Kuna mtu kalala hapa, Ailsa, na mimi ndiye niliyemsahau."

Niliruka pembeni. Nilikuwa nimesimama katikati ya nafasi ile na aiskrimu mkononi. Babu alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akasema, "Usiogope. Huyo alikuwa akipenda watoto wamkanyage." Ndipo akanieleza yote, kuanzia kwenye lile kwapa.

Baada ya hapo nilimuuliza maswali mengi mno. Nilitaka kujua kila uwanja uliokufa. Alinipeleka Cathkin, Glasgow, ambako timu ilishakufa tangu mwaka 1967, na ngazi za kusimamia mashabiki bado zipo, miti imeota katikati ya vyuma. Upepo ulikuwa unapita kwenye majani, na yeye alikuwa ananitajia mabeki. "Hapa angalau waliwaachia majani," alisema. Nikamwambia Bwana Rintoul asingemkasirikia. Akanijibu kwamba huo ndio ubaya wenyewe: angekasirikiwa, angepumzika. Tangu mwaka 1988 Babu hakumalizia hadithi yoyote ya mpira bila kusema, "kama sijakosea." Watoto wake wanasema zamani neno hilo hakulijua.

Mwezi Oktoba mwaka jana Babu alianza kukohoa damu. Madaktari waliona uvimbe kwenye pafu la kulia, umeshaenea. Alitibiwa, akarudi nyumbani kabla ya Krismasi, akala supu ya shayiri mabakuli mawili tukadhani anapona. Februari alilazwa tena. Katika siku zake za mwisho alishughulika na jambo moja: kamba. Huku kwetu jeneza hushushwa kaburini kwa kamba nane, kila moja ina namba, na kila mwenye kamba hupewa kadi yake mapema. Aliniambia nichukue kalamu.

"Namba moja, kichwani, Gregor. Namba mbili, miguuni, Eck Rintoul."

Mama alikuwa anapanga maua dirishani. Akageuka. "Baba. Eck hatakuja."

"Sikuuliza kama atakuja. Nimesema ni yake."

"Na asipotokea tumpe nani?"

"Msimpe mtu. Iachwe ining'inie."

"Jeneza litakwenda upande!"

"Basi liende upande, Morven. Mimi nimemlaza mtu pabaya zaidi ya hapo."

Alifariki Jumatano, tarehe 5 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, watoto wake wote wawili wakiwa kando yake. Ameishi miaka themanini na miwili.

Jumamosi iliyofuata nilipeleka kadi kwa Eck, karibu na stesheni. Mama alisema niitumbukize tu kwenye tundu la barua nirudi. Lakini nilitaka kumwona, kwa hiyo nilibisha hodi. Eck, ambaye sasa ndiye Bwana Rintoul, alifungua akiwa na ndara. Ni mrefu. Sikuwahi kumwona karibu.

"Wewe ni wa Wattie," alisema. "Una masikio yake, pole."

"Ndiyo. Nimekuletea kamba. Yaani kadi ya kamba."

Aliishika mbali na macho, akaisoma. "Namba mbili? Ya miguuni?"

"Ndiyo."

"Mjinga yule." Akaegemea mlango. "Mjinga kabisa. Ningekuwa mimi ningeandika kumi na mbili, kusudi asiipate."

"Ziko nane tu, bwana."

"Najua ziko nane, binti."

Nilimwuliza kama alijua habari za matoroli. Labda sikupaswa kuuliza.

"Kituo cha basi kiko ng'ambo ya barabara, mbele ya lile duka," alisema. "Nilimwona. Mvua inanyesha, kofia mkononi, anasukuma yale madude. Nikasema moyoni, Jumamosi ijayo nitavuka nimwambie aache, mzee wangu alipenda magoli yote mawili. Halafu basi linakuja. Kila mara basi linakuja." Akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Na unajua kitu gani kiliniuma? Si majani. Ni kwamba siku ile mzee alimbeba yeye, hakunibeba mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na kinyongo, na nimekilea mpaka nimeota mvi. Kamwambie... Ah. Hutamwambia tena."

"Utakuja?"

"Mikono hii? Nikimwachia je akaanguka?"

"Tutakuwa saba wengine tumeshika."

Alifunga mlango polepole, kadi akabaki nayo.

Kwa hiyo tulipokuwa tunaandaa programu hii hatukujua tuandike nini kwenye namba mbili. Mjomba Gregor alisema tuache wazi. Mama alisema jina libaki, hata kama mtu hatakuwepo. Walikuwa bado wanabishana Jumanne jioni simu ilipolia, nikapokea mimi.

"Ni wewe mwenye masikio?"

"Ndiyo, bwana."

"Nataka kuuliza kitu."

"Uliza."

"Kule makaburini. Miguu yake itakuwa upande gani? Wa kanisa au wa mgodi? Nisije nikaenda nikasimama mahali sipo."

Nilimwomba asubiri. Nikamuuliza mjomba Gregor, na mjomba hakutaka kubahatisha, akampigia mchimba kaburi kwa simu yake, na mchimba kaburi akatoka nje kwake kwenda kuangalia. Bwana Rintoul alisubiri muda wote huo, namsikia anapumua.

"Wa kanisa," nilimwambia.

"Una hakika?"

"Tumeuliza."

"Vizuri," alisema. "Vizuri sana. Mnauliza." Akakata.

Baba yake Eck alimpandisha Babu juu ya chuma cha Whinhill kila Jumamosi ya utoto wake, bila kumdai asante. Leo mwanawe atamshusha. Bwana Rintoul, kamba yako ni hii hapa, upande wa kanisa, na Babu hana haraka.

Marehemu ameacha mwana, Gregor, na mkewe Una. Binti, Morven, na mumewe Struan Baird. Wajukuu wanne, Lorne, Fergus, Ailsa na Catriona mdogo. Craigmurdie Violet, ambao kesho wanacheza nyumbani. Na rafiki yake wa tangu mwaka 1949, Bwana Alexander Rintoul, yaani Eck, ambaye wakati wa mapumziko kesho tutampa mtu wa kuhama naye. Jumamosi ambazo Violet hawapo, saa tisa, matoroli tutayaondoa sisi.

Mungu ampokee Walter Meikle juu ya mlango bila kumuuliza kitu. Apumzike kwa amani, na safari hii awe upande wenyewe.